Uhondo wa kandanda kabla ya gozi kufika kimiani

MECHI inapomalizika bila bao, Kiswahili cha michezo huiita sare tasa. Tasa ni asiyezaa, na kwa neno hilo moja mashabiki huwa wamekwisha kutoa hukumu: dakika 90 zimepita, nauli imetumika, sauti zimekauka na hakuna kilichozaliwa. Magazeti nayo hayana huruma. Mechi ya aina hiyo hupewa aya mbili chini ya ukurasa, ilhali kipute cha mabao manne kwa matatu hupewa nusu ukurasa na picha juu yake.

Hukumu hiyo huwaumiza watu. Katika Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu inayounganishwa na barabara kuu ya Thika, timu za shule, za mitaa na za viwanda husakata gozi kila wikendi. Anayekuja kusaka chipukizi mara nyingi huanza kwa swali moja: nani amefunga? Kijana aliyepachika mabao matatu huitwa kando na jina lake likaandikwa. Mwenzake aliyewapokonya wapinzani mpira mara sita katikati ya uwanja, na ambaye bila yeye mabao hayo yasingepatikana, hufunga mkoba wake akaelekea steji ya matatu.

Mfano mzuri wa tofauti hiyo unapatikana Thika kwenyewe. Klabu ya Thika United, iliyofadhiliwa na kampuni ya maziwa ya Brookside yenye makao yake Ruiru, na ambayo magazeti yaliipa lakabu ya wauza maziwa, ilishiriki Ligi Kuu ya Kenya kwa misimu kadhaa hadi iliposhuka daraja mwaka 2018. Haikuwahi kutwaa taji la ligi hiyo. Hata hivyo, wachezaji watatu waliowahi kuvalia jezi yake walikuwa katika kikosi cha Harambee Stars kilichokwenda Misri mwaka 2019 kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Nao ni Michael Olunga, Francis Kahata na Dennis Odhiambo.

Jina la Olunga halihitaji utangulizi. Alikuwa Thika mwaka 2014, akahamia Gor Mahia mwaka uliofuata, kisha akavuka bahari. Januari 2018 aliifungia Girona mabao matatu dhidi ya Las Palmas katika ligi kuu ya Uhispania. Novemba 2019, nchini Japani, alifunga mabao manane peke yake Kashiwa Reysol ilipoifunga Kyoto Sanga 13-1. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya nchi hiyo na kutawazwa mchezaji bora wa msimu. Hesabu hizi zinakaririwa na watoto ambao hawajawahi kumwona akicheza.

Je, hesabu za Kahata ni zipi? Kiungo huyu anayetumia mguu wa kushoto alicheza Thika, Albania, Gor Mahia na, kuanzia 2019, Simba ya Tanzania. Waliomtazama humkumbuka kwa namna alivyoutuliza mpira na pasi alizozipenyeza pale ambapo wengine hawakuona upenyo. Odhiambo, ambaye kazi yake ilikuwa kukaba, ana hesabu chache zaidi za kukaririwa. Wote watatu walipanda ndege moja kwenda Misri. Wakufunzi waliowateua walikuwa wameona kitu ambacho jedwali la wafungaji halina safu yake.

Dakika mbili na dakika 88

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha ni kiasi gani cha mchezo hupita bila kutazamwa. Uwanjani kuna wachezaji 22 na mpira mmoja. Hata kama mpira usingetoka nje hata mara moja, kila mmoja angepata wastani wa dakika nne tu za kuwa nao. Lakini mpira hutoka, faulo hupigiwa kipenga, majeruhi hutibiwa, na muda ambao mpira unachezwa kwa hakika mara nyingi haufiki saa moja. Ondoa pia muda ambao uko hewani au unabingirika kati ya mguu na mguu. Mchezaji wa kawaida hubaki na dakika mbili hivi.

Katika dakika 88 zilizosalia, mchezaji anafanya nini? Hapo ndipo penye kandanda yenyewe. Anamfuata mpinzani au anamwachilia. Anasogea hatua tatu kushoto ili kumfungulia mwenzake njia. Anakimbia mbio ndefu akijua fika kwamba hatapewa mpira, kwa sababu mbio hizo zitamvuta difenda mmoja kutoka mahali pake. Anageuza shingo kuangalia nyuma kabla ya pasi kumfikia.

Kitendo hiki cha mwisho ndicho rahisi zaidi kwa mtazamaji kuanza nacho. Katika mechi yoyote, iwe ya Ligi Kuu au ya shule mbili za Ruiru, mtu na amchague kiungo mmoja na amtazame yeye tu kwa dakika kumi, mpira uwe naye au usiwe naye. Ataona upesi kama ni mchezaji anayejua alipo. Kiungo hodari hutupa jicho nyuma ya bega lake mara mbili au tatu kabla ya kupokea. Mpira unapomfikia, mwili wake umekwisha kukaa upande-upande, mguu wa mbali ukiwa tayari, na mguso wake wa kwanza unaupeleka mpira kule ambako hakuna mpinzani. Kiungo dhaifu hupokea akiwa ameupa mgongo uwanja mzima, husimamisha mpira palepale chini ya nyayo zake, ndipo aanze kutafuta wa kumpa. Kufikia hapo tayari amezungukwa.

Viwanja vya eneo hili huufanya mguso wa kwanza kuwa mtihani mgumu zaidi. Miezi ya kiangazi udongo hukauka ukawa kama saruji, na mpira hudunda hadi kifuani. Mvua za masika zikianza, uwanja uleule hugeuka tope na pasi ya mita kumi ikakwama njiani. Mchezaji anayeweza kuutuliza mpira katika hali hizo mbili amejifunza jambo ambalo mwenzake aliyelelewa kwenye nyasi zilizonyolewa hajalazimika kulijua. Ni haki basi kwamba mtazamaji amsamehe anapopoteza mmoja kati ya mitano, na amshangilie kwa ile minne.

Televisheni, kwa wema wake wote, haisaidii sana katika jambo hili. Kamera huufuata mpira, na kwa kawaida huonyesha sehemu tu ya uwanja. Difenda wa upande wa pili anayepanga mstari wake kwa ishara za mikono haonekani. Katika uwanja wa Thika, mtu aliyesimama kwenye kona ya juu ya jukwaa humwona kila mchezaji kwa pamoja. Kuhusu mbinu za mchezo, aliye hapo anaona mengi kuliko anayetazama ligi ya Uingereza kwenye skrini pana.

Jambo la kushangaza ni kwamba redio, isiyoonyesha chochote, iliwahi kufundisha vizuri zaidi. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Sauti ya Kenya aliyefariki Februari 2025, aliyaacha masikioni mwa taifa maneno matatu: Kadenge na mpira. Aliyarudia na kuyarudia huku Joe Kadenge, nyota wa Harambee Stars wa miaka ya 1960 aliyefariki Julai 2019, akiwapita wapinzani. Maneno hayo hayataji bao. Yanamtaja mtu na mpira wake, na msikilizaji aliyetega sikio kando ya redio ya betri alijifunza kuifurahia safari nzima kabla ya kuuliza ilifika wapi. Vijana wa leo hupokea video ya sekunde 20 kwenye simu, mpira ukiwa tayari umekaribia wavu. Mchezo wa kamari nao umeongeza chumvi kwenye kidonda, kwa kuwa aliyeweka mkeka wa idadi ya mabao hana sababu ya kumtazama beki wa kushoto.

Kiungo mkabaji

Mkenya aliyefika mbali zaidi katika kandanda ya Uingereza hakufika huko kwa kufunga mabao. Victor Wanyama alijiunga na Southampton mwaka 2013 akitokea Celtic ya Scotland, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, na mwaka 2016 akahamia Tottenham. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa Inter Milan msimu ambao klabu hiyo ilitwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, mwaka 2010. Wote wawili walikuwa viungo, na wote wawili walilipwa fedha nyingi kwa kazi ambayo shabiki wa kawaida huiona tu inapokosekana.

Kinaya ni kwamba hata Wanyama hukumbukwa kwa mabao yake machache. Mnamo Novemba 7, 2012, Celtic iliifunga Barcelona 2-1 mjini Glasgow, na bao la kwanza lilikuwa kichwa cha Wanyama kutokana na kona. Februari 2018 alifyatua kombora la mbali lililoisawazishia Tottenham dhidi ya Liverpool ugani Anfield. Picha hizo mbili ndizo zinazozungushwa. Lakini usiku ule wa Glasgow Barcelona ilimiliki mpira kwa sehemu kubwa mno ya mchezo, Lionel Messi akiwa miongoni mwao, na bao lao la pekee lilipatikana dakika za majeruhi. Mtu anayetaka kujua kwa nini Wanyama alinunuliwa na aiache picha ya kichwa kile na aitazame mechi nzima, namna alivyosimama mbele ya mabeki wake dakika baada ya dakika, akiziba njia ambazo pasi zilitaka kupitia.

Kazi ya kiungo mkabaji ina sehemu tatu. Kwanza ni kusoma: anakisia pasi itakakokwenda kabla haijapigwa, na akikisia sawa hahitaji kumgusa mtu. Pili ni kuchelewesha: asipoweza kuupata mpira, anasimama mahali ambapo mwenye nao hulazimika kupiga pasi ya kando au ya nyuma, na wenzake wanapata nafasi ya kurudi. Tatu ni kuanzisha: akishaunyakua, anautoa haraka kwa aliye karibu bila madoido. Kiungo anayeteleza chini kila dakika na kuchafua jezi hushangiliwa sana na majukwaa, ila mara nyingi anateleza kwa sababu alichelewa kusoma. Aliye bora zaidi huweza kumaliza mechi jezi yake ikiwa safi, na shabiki akasema hakuonekana.

Ulimwengu mzima ulipewa somo hilo mwaka 2003. Real Madrid ilimnunua David Beckham na papo hapo ikamwachilia Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, aende Chelsea. Hakuwa mfungaji, na wakubwa wa klabu hawakuona sababu ya kumwongezea mshahara. Madrid, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa wa Uhispania mwaka huohuo, hawakuutwaa tena hadi 2007. Uingereza nako jina lake likageuka kuwa jina la nafasi aliyoicheza.

Ukuta na mstari wake

Sheria inayoudhi watazamaji wengi kuliko zote ni ile ya kuotea, na asiyeielewa hawezi kuifurahia kazi ya mabeki. Mchezaji huwa mahali pa kuotea iwapo, wakati mwenzake anapoucheza mpira, yeye yuko katika nusu ya wapinzani na yuko karibu na mstari wa lango lao kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Huyo wa mwisho kwa kawaida ni kipa, lakini sheria haimtaji kipa. Tangu mwaka 1990, aliye sambamba na mpinzani huyo wa pili hahesabiwi kuwa ameotea. Kusimama mahali hapo si kosa hadi mchezaji ashiriki katika mchezo. Na hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja katika mkwaju wa goli, kona au mpira wa kurusha, jambo ambalo hata baadhi ya wachezaji wa mitaani hubishania hadi giza likaingia.

Kinachohesabiwa ni lile nukta moja mpira unapoondoka mguuni mwa mpigaji, wala si pale unapopokelewa. Kwa hiyo mabeki wanne wanaopanda hatua mbili kwa pamoja, kabla tu ya pasi kupigwa, wanaweza kumwacha mshambulizi akiwa peke yake na kibendera kikiwa juu. Mmoja wao akisahau, mtego wote unamnasa kipa wao. Katika mechi za vijana mtu anaweza kusikia sauti ya beki wa kati ikisema panda, simama, rudi. Timu ambayo mabeki wake hawasemezani huwa imekwisha kufungwa, hata kama ubao bado unasoma sufuri.

Historia ya karibuni ya Harambee Stars imeandikwa na kuta za aina hii, tena ugani Kasarani, kandokando ya barabara ileile inayoelekea Ruiru na Thika. Mnamo Septemba 8, 2018, Kenya iliishinda Ghana 1-0 katika mechi ya kufuzu. Bao lenyewe lilikuwa la kujifunga, la beki wa Ghana Nicholas Opoku, kisha katika kipindi cha pili Joash Onyango akaonyeshwa kadi nyekundu. Watu kumi walisimama imara hadi kipenga cha mwisho. Mwezi uliofuata Kenya ilikwenda Bahir Dar, Ethiopia, ikarudi na sare tasa, na siku nne baadaye ikaichapa Ethiopia 3-0 Kasarani. Hivyo ndivyo taifa lilivyorejea katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 2004. Anayeisimulia safari hiyo huanza na mabao matatu ya Kasarani. Ile pointi ya Bahir Dar haitajwi.

Agosti 2025 mambo yalijirudia kwa namna ya kusisimua zaidi. Katika fainali za CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja, vijana wa kocha Benni McCarthy walibaki kumi mapema dhidi ya Angola baada ya Marvin Nabwire kufukuzwa, wakatoka sare ya 1-1. Siku tatu baadaye walikutana na Morocco. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili kikachezwa na watu kumi dhidi ya 11, na bao halikurudi. Kenya ilimaliza mechi nne za kundi lake ikiwa imefungwa bao moja tu. Morocco hao ndio waliotwaa kombe mwishoni mwa mwezi huo, na waliobahatika kuwa Kasarani Agosti 10 watakumbuka kwamba dakika 45 zilizosisimua zaidi hazikuwa na bao hata moja.

Watu kumi huwezaje? Kwa kawaida timu huacha pembeni na kulinda katikati. Safu mbili hukaribiana hadi mita chache zikabaki kati yake, na wapinzani huruhusiwa kuwa na mpira kwenye mbavu za uwanja, ambako krosi haina budi kupita juu ya vichwa vya mabeki warefu. Mshambulizi aliyebaki mbele hufanya kazi ya watu wawili: hukimbilia kila mpira uliobutuliwa, huushikilia karibu na kibendera cha kona, hutafuta faulo, huwapa wenzake sekunde 20 za kupumua. Mshambulizi wa aina hiyo anapotolewa akiwa hajapiga shuti lolote, inafaa majukwaa yasimame.

Mfano mkuu wa Kenya ungali ule wa 1987. Gor Mahia, chini ya nahodha Austin Oduor na beki John Bobby Ogolla akiwa nguzo ya ulinzi, ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika bila kushinda mechi yoyote kati ya mbili za fainali. Ilitoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis, kisha 1-1 Kasarani mwezi Desemba, na kanuni ya mabao ya ugenini ikaamua. Ulaya iliifuta kanuni hiyo mwaka 2021. Katika fainali ile ya Kasarani, kila mpira uliookolewa langoni mwa Gor ulikuwa na uzito wa bao, kwa sababu Esperance walihitaji moja zaidi tu wautwae ubingwa.

Kipa na wasiosemwa

Kipa husifiwa kwa kuruka. Picha nzuri ni ya mtu aliyenyooka hewani, vidole vikigusa mpira. Waliowahi kukaa langoni wanajua kwamba kuruka huko mara nyingine ni malipo ya kusimama vibaya. Kipa aliyesogea hatua moja mapema huudaka mpira kifuani na hakuna anayempiga picha. Mshambulizi akibaki naye ana kwa ana, hutoka langoni kupunguza pembe, kisha husimama wima mpaka mpinzani aamue kwanza. Mtazamaji na amwangalie pia mpira ukiwa upande wa pili: anakaa mbali kiasi gani na lango lake, anawapanga vipi wenzake, anatoka au hatoki kona ikipigwa.

Sheria zenyewe zimemgeuza kipa kuwa mchezaji wa miguu. Tangu 1992 haruhusiwi kuudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu kwa makusudi. Tangu 2019 mkwaju wa goli unaweza kupokelewa ndani ya eneo la hatari, na ndiyo sababu timu nyingi siku hizi huanza kwa pasi fupi langoni mwao, huku mashabiki wakishikilia roho. Tangu katikati ya 2025, kipa anayeushikilia mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde nane huwapa wapinzani kona.

Refa naye ana sanaa yake, ingawa ni nadra mtu kumlipia kiingilio. Faulo inapotendeka na timu iliyochezewa vibaya ikabaki na mpira katika nafasi nzuri, refa hunyoosha mikono mbele na kuacha mchezo uendelee. Hiyo ni faida. Isipozaa matunda katika sekunde chache, anaweza kuurudisha mpira pale faulo ilipotendeka. Majukwaa humzomea anapokaa kimya, kumbe kimya hicho kimewasaidia.

Mipira ya kurusha ndiyo inayodharauliwa zaidi. Hutokea mara nyingi katika kila mechi, na timu nyingi za mitaani huirusha mbele tu kwa matumaini. Timu iliyofundishwa huonekana hapa kabla ya mahali pengine popote: mmoja anakimbia kuja, mwingine anakimbia kuondoka, na mpira unamfikia wa tatu aliyebaki bila mkabaji. Kocha anayetaka kujua kiwango cha wapinzani wake wa Jumamosi hahitaji kuwatazama zaidi ya mipira mitano ya aina hiyo.

Haya yote yanahusu kandanda ya wanawake kwa kiwango kilekile. Thika Queens, waliowahi kuwa mabingwa wa ligi kuu ya wanawake ya Kenya, wamewapa wakazi wa mji huo nafasi ya kutazama soka ya pasi na mpangilio bila foleni langoni. Ni fursa isiyotumiwa vya kutosha. Bidco United nayo, timu ya kiwanda cha mafuta cha Thika iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, iliziba pengo lililoachwa na Thika United.

Kwa wanaosimamia majaribio ya chipukizi, dawa haihitaji mitambo. Daftari la mwanafunzi lenye mistari linatosha, jina la kila mchezaji likiwa na safu zake: mipira aliyonyakua, mipira aliyopoteza akiwa nusu yake mwenyewe, pasi zilizompita mpinzani, mara aliporudi kumsaidia beki wake, mara alipogeuza shingo kabla ya kupokea. Mtu mmoja hawezi kuwaandikia wote 22, kwa hivyo wazazi wanne au wachezaji wa akiba wanne wagawane, kila mmoja watano au sita, na wabadilishane wakati wa mapumziko. Safu ya mabao inaweza kuwekwa pia, mwisho kabisa upande wa kulia, kwa kuwa hiyo ndiyo ambayo kila mtu ataikumbuka hata daftari likipotea.